Msiba Usio na Maiti

Mtu akija kumtafutia mwanao kazi, akamuuliza kundi la damu kabla hajamuuliza anajua kufanya nini, mnyanyue kwenye kibaraza chako kabla chai yake haijapoa. Mize wa Mtambile hakumnyanyua. Alimwongezea sukari.

Mtu mwenyewe akiitwa Himid, mzaliwa wa hapa hapa Pemba, aliyekwenda nje miaka na kurudi na sauti laini. Si mtu wa kutisha. Kanzu imepigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono, kila akimaliza sentensi anasema inshaallah. Alikaa na Jabir, mtoto pekee wa kiume wa Mize, akamweleza habari za nchi ya mbali iliyo na baridi, ambako vijana wanapewa kazi ya kupanga maboksi stoo. Mize alikuwa ndani anasuka ukili, ule utepe wa ukindu wa kushonea mkeka, mlango wazi, kila neno linamfikia.

"Unaweza kukimbia mbio ndefu?" Himid aliuliza.

"Naweza," Jabir akajibu. "Mpira nacheza."

"Macho mazima? Meno? Kundi la damu unalijua?"

Jabir hakulijua. Himid akasema si neno, litapimwa huko huko, akataka jina la mama mzazi, wa kupewa habari likitokea lolote. Mize akasikia jina lake linaandikwa. Mkono ukasita kwenye ukili, kisha ukaendelea, kwa sababu mgeni alikuwa anamaliza chai na adabu ni adabu.

Sasa huo ukili nao una habari yake.

Pale Mtambile alikuwapo Bi Moza, mkunga aliyestaafu zahanati, ambaye nusu ya vijana wa kijiji wametua duniani juu ya mikono yake, Jabir akiwa mmoja. Bi Moza alikuwa na redio na usingizi mdogo. Kila siku anasikia vita hapa, vita pale, wakubwa wa dunia wanatishana kwa mabomu ya nyuklia, na roho ikawa haimtulii. Akaanza kuwaita wanawake uani kwake baada ya alasiri. Walikuja wachache, hata jamvi moja liliwatosha na nafasi ikabaki.

"Bomu hilo," Bi Moza aliwaambia, "likiripuka, aliyekufa palepale ndiye aliyepata nafuu. Waliobaki wanakufa kidogo kidogo. Sumu inaingia kwenye mvua, kwenye samaki, kwenye tumbo la mwanamke. Mimi nimezalisha watoto maisha yangu yote. Sikuwazalisha waje kuoza kwa ugomvi wa watu ambao hata sura zao hatuzijui."

Ummkulthum, jirani yake Mize, mwenye mikarafuu mingi na mdomo mkubwa kuliko mikarafuu, alikuwa anapita na kapu lake. Alisimama mlangoni akacheka.

"Bi Moza wee. Bomu la nyuklia lije Mtambile kufuata nini? Karafuu zangu?"

"Litaanguka kwao, mwanangu. Upepo ndio utatuletea. Kwani kusi ikivuma huwa inakuomba ruhusa?"

"Haya. Na nyinyi mtalizuia kwa nini, kwa ukili?"

"Kwa ukili," Bi Moza akasema.

Hakuwa anatania. Jumuiya moja ya amani ya Unguja ilikuwa imetoa mwito kwa kina mama wa visiwani: kila kijiji kishone mkeka, kila mwanamke asiyetaka vita na mabomu hayo asuke ukili mmoja kwa mkono wake. Mikeka yote ikutane mjini Chake, itandikwe mahali pamoja, kina mama waikalie na waseme yao mbele ya watu. Kisha ishonwe iwe mkeka mmoja, upelekwe kwenye mikutano ya nje wanakozungumza habari za kuyapiga marufuku mabomu. Wengine hutia saini, na wanawake wa Pemba wengi wao saini yao ni ukili. Mkono wa mtu kwenye ukili unajulikana, huyu anakaza, huyu analegeza, huyu anaacha kijino pembeni.

Kwa hiyo Bi Moza akataka ukindu usitiwe rangi hata kidogo, ili rangi zisifiche mikono. Mkeka ukatoka mweupe mtupu.

"Mweupe kama wa maiti," Ummkulthum alisema siku alipouona. "Mkimaliza nipeni nianikie karafuu. Ah, hata karafuu sitaki, zitafungwa sanda."

Wakacheka wote, naye akacheka, na jambo likapita. Lakini alikuwa kasema kweli. Kwao Mtambile mkeka mweupe mpya hushonwa kwa kazi moja tu, ya kumzikia mtu. Wale wasukaji walikuwa wameushika kila siku mpaka wakasahau.

Na Mize? Mize alikuwa msukaji wa kweli, lakini wa hofu. Akifika uani anakaa karibu na mlango. Mikusanyiko aliiogopa, na mtu wa Pemba wa umri wake haulizwi kwa nini. Mwaka ule wa fujo za maandamano kaka yake alivuka bahari usiku kukimbilia Shimoni, pwani ya Kenya, na mama yao akafa jicho liko njiani. Ilikuwa fujo ya siku chache tu, wala bomu halikuwapo, na bado nyumba yao haikurudi ilivyokuwa. Ndiyo maana alisuka. Ndiyo maana pia alikaa karibu na mlango. Ila mkeka wenyewe ulihifadhiwa kwake, kwa kuwa paa lake halivuji.

Jioni ya siku aliyokuja Himid, baada ya magharibi, Mize aliweka sahani ya muhogo na samaki mbele ya mwanawe, akakaa.

"Kazi ya nini, Jabir?"

"Ya stoo, mama. Kupanga maboksi."

"Maboksi ya nini?"

"Maboksi tu."

"Stoo gani inauliza damu ya mtu?"

"Bima hiyo, mama. Wenzetu huko kila kitu wanaandika."

"Nchi yenyewe ndiyo ile iliyo vitani. Ndiyo ile kila ikikasirika inawaonyesha wenziwe bomu."

"Vita viko mpakani huko. Mimi nitakuwa mjini."

"Nani kakwambia? Himid?"

"Himid. Na wewe ulimsikia, ukamtilia sukari."

Jabir hakuwa mtoto wa jeuri. Alikuwa kachoka. Bodaboda anayoiendesha si yake, karafuu anazochuma si zake, na rafiki zake mmoja mmoja wameondoka. Alisogeza sahani, akazungumza kwa upole, na huo upole ndio uliomuumiza mama yake.

"Mama, wewe na Bi Moza mnasuka ukili mweupe mpaka vidole vinapasuka. Bomu gani limerudi nyuma kwa sababu ya mkeka? Mimi nakwenda kutafuta. Kesho naondoka bandari ya Mkoani kwa boti ya asubuhi. Nipe radhi."

Mize alifungua mdomo. Radhi ya mama ni neno dogo, na mtoto wa Kipemba haondoki bila hiyo. Akiondoka bila hiyo kila jiwe atakalojikwaa atalikumbuka. Alitaka kumpa. Ulimi ukakataa.

"Sikunyimi," alisema mwisho. "Lakini haitoki."

Jabir akainamisha kichwa, akala kidogo, akaenda kulala.

Alfajiri Mize aliposalimu sala yake, akaenda chumbani kwa mwanawe. Kitanda kimetandikwa. Begi halipo. Mtoto aliyeshindwa miaka yote kutandika kitanda, leo kakitandika.

Hakulia. Alijitanda kanga, akaona mkeka umekunjwa ukutani, akaunyanyua akautia kichwani. Kwa nini aliubeba, hata yeye baadaye hakuweza kueleza. Pengine alitaka kwenda kumrudishia Bi Moza na kumwambia basi, ukili haukusaidia. Pengine mikono ilitaka kitu cha kushika. Akatoka miguu mitupu, akapita njia ya katikati ya nyumba, na kila mlango aliofikia alibisha.

"Njooni kwangu," alisema. "Njooni sasa hivi, jamani."

Haketi, hasubiri, anakwenda mlango wa pili. Sauti imekatika. Na aliyefungua mlango anaona nini? Mwanamke miguu mitupu, alfajiri, mkeka mweupe kichwani, anaita watu. Kwa desturi mlangoni huulizi ni nani aliyekufa. Unasema inna lillahi, unajifunga kanga, unatoka.

Ummkulthum ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua. Aliuona ule mkeka alioucheka, na maneno yake ya sanda yakamrudia.

Mize akafika kwa Bi Moza, akaangukia bega lake, akamweleza. Wakajaribu simu ya Jabir. Inaita, haipokewi. Bi Moza akasema, "Turudi kwako tukae tufikiri, huku njiani hapana faida," akamshika mkono wakarudi.

Walipokaribia nyumba Mize alisimama.

Uwanja umejaa. Wanaume wamekwishaleta mabenchi ya msikitini, turubai liko nusu juu nusu chini. Wanawake wamekaa ukumbini wamejifunika, vikapu vya mchele vimepangwa kando ya jiko, na sufuria kubwa la kijiji, lile lisilotoka ila kwa harusi au maiti, linasuguliwa majivu. Waliokuwa wapande mikarafuuni wameacha mikarafuu. Karafuu zilizokwisha chumwa zimebaki kwenye mapakacha zinasubiri kuchambuliwa. Ummkulthum akamrukia Mize shingoni analia kwa kwikwi.

"Nisamehe, shoga yangu. Ule mdomo wangu. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Hawa watu wamefuata nini?"

Mzee Khatib akaja, mwosha maiti wa Mtambile, mtu mkavu asiyependa kungojeshwa. Mikono ya kanzu kaikunja mpaka kiwikoni.

"Pole sana, Bi Mize. Maiti yuko chumba gani? Maji tayari."

Hapo ndipo Mize alipouhisi mkeka kichwani. Aliutua taratibu. Akautazama, akawatazama watu, na miguu ikataka kuingia ndani ifunge mlango, kama ilivyomzoesha hofu yake. Watu wote hawa. Mkusanyiko mkubwa kuliko alioukimbia maisha yake yote, na kauita mwenyewe, kwa miguu yake.

"Hakuna maiti," alisema.

Mzee Khatib akaanza kukunjua mkono mmoja wa kanzu.

"Hakuna maiti bado," Mize akasema, na sauti ikamjia, hakujua ilikokuwa. "Sikuwadanganya. Sikusema mtu kafa. Nilipigwa na bumbuwazi nikatoka na mkeka, ndio huo mmeuona. Lakini mkeka huu tuliusuka kwa ajili ya watoto wasife, na mwanangu Jabir asubuhi hii yuko Mkoani anapanda boti kwenda vitani. Kaambiwa ni stoo. Kaulizwa kama anaweza kukimbia. Kaulizwa damu. Kaulizwa jina langu, ili wajue wa kumletea habari. Wenyewe wana mabomu ya kuimaliza dunia, na kabla hawajayatupa wanamaliza kwanza watoto wa watu. Wa kwao wamewamaliza, sasa wanafuata wetu. Mkinichukia kwa kuwatoa mashambani, nichukieni. Lakini habari hii ndiyo ile ambayo mngekuja kuisikia hapa, siku nyingine, na siku hiyo hata maiti wa kumwosha asingekuwapo. Wangemfukia huko huko."

Mtu mmoja nyuma alinung'unika kwamba jua linapanda na karafuu zinaharibika. Mzee Khatib akainua kidole kumzuia.

"Huyo mtafuta kazi," Mzee Khatib aliuliza polepole, "ndiye Himid?"

"Ndiye."

"Juzi mjukuu wangu Safari kaniuliza, babu, damu yetu kundi gani. Nikamwambia damu yetu ya Kipemba, unataka kundi gani tena. Na leo kaniaga anakwenda Mkoani kununua saruji." Akatazama mikono yake. "Nami nilipofika hapa, kabla sijajua haya, nimempigia simu. Nimemwambia arudi, na kama Jabir yuko naye aje, kwao kuna msiba."

"Na wangu kaulizwa meno," akasema mwanamke ukumbini. Mwingine akainuka, akatoka nje na simu sikioni.

Hakuna aliyeondoka. Turubai likamaliziwa kufungwa. Bi Moza akaukunjua mkeka mweupe katikati ya uwanja, na watu wakauona wote kwa mara ya kwanza, kili za wale wanawake wachache zimekaa bega kwa bega, na pembeni nafasi tupu.

Bodaboda ilisikika kabla haijaonekana. Jabir yuko mbele, Safari nyuma kakumbatia mabegi mawili. Jabir aliiacha pikipiki ikaanguka, akakimbia akiwapasua watu, na alipomwona mama yake kasimama mzima, akamshika mabega.

"Nani kafa?"

"Wewe," Mzee Khatib akamjibu. "Na huyo wa saruji nyuma yako. Kaeni hapo kwenye mkeka."

Vijana wakatazamana. Wakakaa. Jabir akageuza macho huku na huku, kwa Ummkulthum aliyevimba uso, kwa wazee waliovaa kofia za mazishi, kwa sufuria.

"Watu wote hawa wamekuja kwa ajili yangu?"

"Wamekuja bila kujua ni nani," Mize akasema, akikaa mbele yake. "Wamesikia mtu wa Mtambile, wakaja. Jana uliniuliza mkeka utazuia nini. Hata sasa bomu sijui nitalizuiaje, mwanangu. Lakini ndivyo kuzuia kunavyoanza. Mtu mmoja asiende, na mwingine asiende, na wasipate wa kuwapigania hivyo vita vyao."

Simu ya Jabir ikalia mfukoni. Akaitoa, akatazama jina, akamtazama mama yake. Mzee Khatib akanyoosha mkono, akapewa.

"Huyu kijana hawezi kusema," alisema kwenye simu. "Niko naye mimi... Mimi? Mimi mwosha maiti... Ndiyo. Na wewe damu yako kundi gani, Himid?"

Simu ikakatika. Kicheko kilichoanza pale kilianzia kwa wanaume, kikaingia ukumbini, na wengine wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja. Jabir alicheka mwisho, kichwa kimeinama, machozi yanadondoka juu ya ukili wa mama yake.

Mchele sasa. Mchele uliopelekwa msibani haurudi nyumbani, hilo wote wanajua, na kurudisha ni kama kumwita maiti mwingine. Basi sufuria likapandishwa. Watu wakala wali wa maiti asiyekuwapo, na aliyekula zaidi kuliko wote ni maiti mwenyewe. Walipokwisha kunawa, Ummkulthum akasogea kwa Bi Moza, mara hii sauti ndogo.

"Nipeni na miye ukindu. Ila kili zenu za pembeni mmezilegeza, aibu. Nitazitengeneza."

Siku za baadaye ua wa Bi Moza haukutosha, wakahamia uwanjani kwa Mize. Walisuka wake wa wavuvi, walisuka walimu, alisuka bibi asiyeona kwa kupapasa. Wanaume walikata ukindu wakauanika juani. Mkeka uliofika Chake siku ya mkutano ulibebwa na vijana mabegani, umekunjwa kama gogo la mkarafuu, na Jabir na Safari walikuwa mbele. Ulitandikwa kati ya mikeka ya vijiji vingine, ya rangi nzuri nzuri, na mweupe ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mkubwa kuliko yote.

"Mbona mweupe?" waliuliza wanawake wa kijiji cha Shumba. "Mmefiwa?"

Mize akainuka kuwajibu. Yule aliyekuwa anakaa karibu na mlango alisimama katikati ya watu wa Pemba nzima, kipaza sauti mkononi, akawaeleza tangu sukari ya Himid mpaka wali. Akasema hatutaki vita vyao, hatutaki mabomu yao, na watoto wetu hatuwatoi. Walimwelewa mpaka watoto wadogo. Na aliporudi kukaa, Bi Moza alimsogezea nafasi.

Himid hakurudi Mtambile. Lakini hakufa wala hakutubu. Wako wengi wa namna yake, na leo hii mmoja yuko kwenye kibaraza cha mtu anakunywa chai. Kwa hiyo, mzazi, sikiliza anachouliza. Kazi ya halali inauliza unajua nini. Ile nyingine inauliza una damu gani, na mama yako anaitwa nani.

Mikeka iliposhonwa ikawa mmoja, walitakiwa vijana wa kuusindikiza mpaka Unguja, kwa boti ya asubuhi, kutoka Mkoani. Jabir alijitolea. Mize alimfuata mpaka bandarini. Boti ni ileile. Begi ni lilelile, dogo, na juu ya bega la mwanawe ncha ya ule mkeka mkubwa, ambapo rangi zote zinaishia na weupe wa Mtambile unaanza.

Jabir akageuka ngazini.

"Mama, radhi?"

"Radhi, mwanangu," Mize akasema, na neno likatoka jepesi, kila mtu bandarini akalisikia. "Nenda nao."